Mwenyeji wa Mwanamisi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya elimu pale Kwale, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mkuu wangu wa idara alinionyesha meza yenye mguu mmoja mfupi, akaniambia kazi yangu ni wanafunzi waendao ng'ambo. "Akipata nafasi chuoni, unamwelekeza mambo ya viza na ndege. Basi." Nikamuuliza, watalala wapi? "Mama, hii ni ofisi. Sisi si madalali wa nyumba." Alikuwa mtu wa bara, mchapakazi, na sikumchukia. Ila jibu lile halikuniingia hata kidogo.

Ninyi vijana mnaochagua vyumba kwa picha za simu hamtaamini tulivyohangaika. Wengi walikwenda India, na huko bweni la chuo likijaa, mgeni alijitafutia familia ya kumpa chumba na chakula kwa malipo ya mwezi. Familia hiyo tuliiita mwenyeji, na kumpata ukiwa Kwale ilikuwa kazi ya mdomo na miguu. Nilizunguka maduka ya Wahindi kuanzia Ukunda hadi Msambweni, nikiuliza nani ana jamaa mji gani. Wengine walinikimbia wakiniona.

Ndipo akaja Mwanamisi, binti wa Bodo, aliyepata nafasi ya kusomea ufamasia mjini Pune. Bweni lilikuwa limejaa, na babake, Mzee Hamisi, alikuwa ameshikilia lake. "Mie mwanangu simtupi, mwalimu. Nitamkabidhi kwa mtu. Nisipomjua mtu, haendi." Chuo kilikaribia kufunguliwa, na asiyefika nafasi yake ilipewa mwingine. Mwanamisi alinitazama. Nikamwambia, "Utakwenda, inshallah. Niachie mimi."

Muuza vitambaa mmoja wa Ukunda akanipa habari za shangazi yake, mjane aliyezaliwa Mombasa akaolewa Pune. Kiswahili anacho, na chumba anacho. Siku hizo simu ya ng'ambo ulikwenda kuipigia posta. Opereta anakuunganisha, na dakika ulizolipia zikiisha anakata, hata uwe katikati ya neno. Kwa hiyo njia nzima ya kwenda posta, Mwanamisi akitufuata, nilimfundisha mzee maswali: chumba cha watu wangapi, mlango una kufuli, chuo kiko mbali?

Mzee Hamisi akaishika simu kwa mikono miwili. "Asalaam aleikum, bibi. Hujambo? Wa hapo nyumbani hawajambo? Na majirani je? Mvua mwapata?" Kila swali alisikiliza jibu lake mpaka mwisho, akiitikia "alhamdulillahi". Nikamkonyeza. Nikamvuta kanzu. "Mzee, chumba! Uliza chumba!" Akanipungia mkono ninyamaze. Simu ilikatika akiwa bado anamuuliza bibi yule hali ya magoti yake.

Nilipandwa na hasira hadi machozi yakanilenga. Mwanamisi alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Mzee, umemkosesha mwanao chuo kwa salamu!"

"Nimemkosesha vipi?" akashangaa. "Yule bibi kanijibu zote, moja moja, wala hakunikatiza. Kisha kaniuliza mamake Mwanamisi atapataje usingizi mtoto akishaondoka. Hapa hakuna aliyeniuliza hilo, mwalimu, hata wewe. Haya, mtengenezee safari."

Mwanamisi akaenda. Mkuu wangu alipopata kisa hicho alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Basi wazazi wawe wanatumia simu ya ofisi, wasalimiane washibe." Tangu hapo sikumfundisha mzazi maswali. Nilikaa kando nikisikiliza, na mwenyeji aliyerukia bei kabla ya salamu kwisha, nilimtafutia mtoto nyumba nyingine. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu, na sijutii.

Mwanamisi alirudi na shahada yake, na sasa ana duka la dawa Msambweni. Majuzi alinijia kwa jambo: mjukuu wa yule bibi anakuja huku kwa mafunzo ya udaktari, na nyumba yake Mwanamisi imejaa watoto. Mimi wangu wamekwisha kuondoka, chumba kipo. Nikamwambia aje.

Jioni ile simu yangu ikalia nikiwa jikoni, wali unakaribia kukauka. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili chake cha Mombasa ya zamani. "Hujambo, mwalimu? Wa hapo nyumbani hawajambo? Na majirani je?"

Nikaepua sufuria, nikavuta kiti, nikaanza na majirani wa upande wa kisimani.