Msemaji wa Sinema Aliyerudi Thika Kusahihishwa na Chungu

"Tangu asubuhi nimechemsha mara nne, na hayo yote si maji ya kwangu," anasema Idah, sufuria yake ameipakata kama mtoto mchanga. "Anayetaka zamu aje na kuni zake. Na adabu pia aje nayo."

"Adabu ya nini, mke wa nyapara?" anajibu Ndila, jirani yake wa ukuta mmoja. "Hiyo ni sufuria, si altare."

Foleni inacheka. Idah hacheki.

Ni saa tatu asubuhi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, mashariki ya Thika. Wanawake saba wamepanga madebe yao ya maji ya mto mbele ya mlango wa Idah. Hatua tatu tu kutoka hapo, kwenye kibaraza cha Ndila, kuna vyungu kumi na vinne vipya, vimechomwa vikaiva, na hakuna anayevitupia jicho. Ndila ni mfinyanzi. Wiki ya tatu sasa hajauza hata kimoja.

Kando ya foleni amesimama mwanamume mwembamba mwenye koti la kaki na daftari mkononi. Hakuna aliyemkaribisha, wala hashangai. Foleni hii aliipanga yeye, kwa mdomo wake.

Huyu ni Muthoka Mwanzia, mwenye miaka thelathini na minne, msemaji wa gari la sinema linalozunguka kati ya Thika na Ruiru. Picha zinaongea Kiingereza. Muthoka hushika kipaza sauti akaziongelea kwa Kiswahili. Akiona nyuso zimekunjamana, hugeukia Kikamba. Akiwa Gitothua au Kiuu hutia Kikuyu cha sokoni, na watu humsahihisha kwa furaha. Mshahara wake ni shilingi tisini na tano kwa mwezi.

"Wengine huhesabu vichwa," anasema. "Mimi nahesabu waliobishana wakienda nyumbani. Wasipobishana, hawakuona kitu."

Kwa sababu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, mikutano ya jioni imekatazwa. Basi sinema huonyeshwa saa nane mchana ndani ya ghala la mkonge, madirisha yamezibwa kwa magunia. Picha ya mwezi huu inahusu tone la maji: mtaalamu analiweka kwenye kioo, analikuza, na pazia zima linajaa vijidudu vinavyoogelea. Kisha mama mmoja anachemsha maji, na vijidudu vinakufa.

Yanayosemwa baadaye, Muthoka huyaandika jinsi yalivyosemwa. Makarani wenzake huandika "Watu walifurahi" wakafunga daftari. Lake linasomwa kwa sauti mpaka jikoni kwa mpishi wa ofisi. Kule Kiuu, mzee mmoja aliuliza kama wadudu hao wanalipa kodi, maana wanakaa kwake. Kule Murera mama aliuliza wamekuja kwa mwaliko wa nani. Mchuma kahawa wa Ruiru alisema, "Ndiyo maana siku nyingine nashiba kwa maji matupu."

Lakini hapa shambani mambo yalikwenda kombo. Mama wa kwenye picha alichemshia kwenye sufuria ya alumini. Muthoka, ukumbi umefurika na sauti yake imemlewesha, aliongeza la kwake: "Mnaona sufuria inavyong'aa? Mdudu haponi humo." Watu wakaelewa kwamba kinachoua ni mng'ao. Sufuria kubwa ya namna hiyo, katika nyumba zote hizi, ilikuwa moja tu. Ya Idah.

"Mwanangu alikuwa akinywa maji yaliyochemshwa chunguni tangu azaliwe," Ndila anamwambia Muthoka, hatimaye akimtazama. "Sasa majirani wanamwona kama amelishwa sumu na mama yake. Hilo umeliandika?"

"Ndilo nililofuata leo, mwaitu," anajibu Muthoka, akimwita mama kwa heshima ya Kikamba, ingawa Ndila hamzidi kwa miaka mingi.

Siku aliyochagua si nzuri kwake. Mkuu wake, Bedan Macharia, atafika saa nane kumsikiliza. Ofisini kuna mpango wa kuleta filamu zenye Kiswahili kilichorekodiwa tayari, na zikija, kipaza sauti cha Muthoka kitawekwa kabatini na yeye atatafuta kazi nyingine.

"Sema filamu ilikatika wiki ile, ndiyo maana hawakuelewa," Bedan anamnong'oneza mlangoni mwa ghala. "Nani atajua?"

Muthoka anatazama ndani. Watu mia tatu na ushee, wengine wamekalia marobota ya mkonge, wengine wamening'inia milangoni. Anashika kipaza sauti.

"Wiki tatu zilizopita niliwadanganya," anaanza. "Si picha. Mimi. Niliwaambia sufuria inaua wadudu. Anayeua ni moto."

Ghala linavuma kama mzinga. Sauti ya Idah inasikika juu ya zote: "Na kuni zangu?"

Muthoka alimwalika mganga wa zahanati, naye amekuja na darubini yake ya kukuzia vitu vidogo. Mezani kuna maji ya aina tatu: ya mto, ya sufuria ya Idah, na ya chungu cha Ndila, ambayo Ndila mwenyewe ameyachemsha hapo nje mbele ya mashahidi. Watu wanapiga mstari. Wa kwanza ni Bi. Syokau, mkongwe asiyeamini hata kalenda. Anainamia kioo cha kwanza.

"Wanacheza ngoma," anasema.

Anahamia cha pili. "Wamelala." Cha tatu anakikazia macho mpaka nyuma wanaanza kulalamika. "Hawa nao wamelala. Na wamelala kwa adabu kuliko wa Idah."

Kicheko kinatikisa mabati. Kabla mstari haujaisha, vyungu tisa vimeshapata wenyewe, na kimoja kati ya hivyo kimenunuliwa na Idah, aliyechoka kuchemshia mtaa mzima.

Bedan anachukua daftari na kusoma ukurasa wa leo. Penye nafasi ya makosa, Muthoka ameandika: "Kosa ni la msemaji. Limesahihishwa mbele ya watu." Bedan anamrudishia daftari.

"Sauti ya kwenye filamu haiwezi kurudi kuomba radhi," anasema. "Hilo nitaliandika kwa mkono wangu. Kipaza sauti baki nacho."

Muthoka anasimama wima. Yeye mwenyewe sasa ana ombi: ofisi ije na kamera, impige picha Ndila akichemsha maji kwenye chungu chake, ili kwenye filamu ijayo watu wa Ruiru wamwone mtu wa huku.

"Wamwone na Syokau," anaongeza. "Huyo hahitaji msemaji."

Saa kumi na moja dereva anapiga honi. Lazima wafike mjini kabla ya kafyu. Muthoka anakunja waya wake kibarazani kwa Ndila, ambapo vimebaki vyungu vitano na kingine cha sita kinachotoka mvuke.

"Mwambie dereva anyamaze," anasema Ndila, akisukuma mlango kwa kiwiko. "Mnafika kwangu mara ya pili na hamjaonja kitu, watu watasema nini? Muthokoi wa mahindi na maharagwe umeiva, na maji ya kunawa yapo. Ingia ule, mwanangu."