Nilivyoitafuta Delhi Dukani Busia

Enzi zetu, wenzangu wa kalamu ya kuchovya wino, utafiti ulikuwa kazi ya miguu. Nilikuwa darasa la sita, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mwalimu wetu wa historia pale Amukura alipomgawia kila mtoto mji mkuu mmoja wa Asia. Mimi nikaangukia Delhi. Atakayeandika vizuri kuliko wote angekwenda likizo na atlasi, ile moja tu ya shule. Niliitamani kuliko nguo ya Krismasi.

Maktaba hatukuwa nayo. Lakini Busia mjini alikuwepo Mzee Karim, Mhindi mwenye duka la vitambaa, nami niliamini kila Mhindi ametoka Delhi jana. Jumamosi nikatembea hadi kwake, kuku kwapani, maana kwetu mzee haulizwi mambo ya zamani mikono mitupu.

Mzee Karim alicheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. "Mimi nazaliwa hapo Mumias, toto! Delhi nasikia kwa redio tu, kama wewe. Ngoja, naita mama."

Mama yake akatoka nyuma ya duka, akapokea kuku, akakaa. Nikamhoji kama babu alivyotufundisha historia ya ukoo: nani alifika kwanza, alikuwa na wake wangapi, ng'ombe wake waliuawa na ugonjwa gani. Mwanawe alitafsiri huku akicheka. Mama hakucheka. Alisema mji ule umebomolewa na kujengwa tena mara nyingi, kisha akanisimulia paa la kwao walikolala siku za joto, na dada yake aliyemwacha amesimama mlangoni siku ya kuja huku Afrika. Akalitaja jina lake, akalia. Niliandika yote.

"Nimekutuma Delhi, wewe unaniletea mama ya Karim!" mwalimu alisema, darasa likaangua kicheko. Atlasi ikaenda kwa Etyang', aliyejaza ukurasa mzima majina ya wafalme. Nililia njia nzima.

Siku hizi mjukuu wangu hutafiti amelala kwenye kochi, miguu ukutani. Juzi shule ilimpa Delhi hiyo hiyo, akaimaliza kabla chai yake haijapoa. Nikamwambia aiulize simu jina la yule dada aliyebaki mlangoni. Akabonyeza weee, akachoka, akainua uso.

"Nyanya, kwani alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia aweke simu chini, alete daftari, akae vizuri.

"Andika," nikasema. "Zubeda."