Lipu Mpya ya Nyumba ya Mwimbaji

Tangu afiwe na mumewe, Mama Funguo alikuwa akiitunza nyumba ya udongo alimokulia mwimbaji mmoja mashuhuri, ambayo sasa ni makumbusho. Hakuna kona asiyoijua: mlango unaokwama, dirisha linalotaka kubembelezwa, kitanda cha kamba ambacho mgeni haruhusiwi hata kukigusa. Watu walimtania kwamba akifika asubuhi huiamkia nyumba kwanza, binadamu baadaye. Hakubisha.

Asubuhi hiyo ya mvua, akifuta vumbi chumba cha kulala, alisikia mchanga ukichuruzika ndani ya ukuta. Akaweka kiganja kwenye lipu. Ya baridi, tena imetuna kama shavu la mwenye jino bovu.

Lipu hiyo ya saruji aliipiga mdogo wake. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, na Mama Funguo ndiye aliyemwendea msimamizi kumwombea. Kuta hizo zilikuwa zikisiribwa kwa udongo tangu mwanzo, lakini mdogo mtu alicheka: "Dada, udongo wa nini zama hizi? Nakupigia saruji, hata tembo akija kujikuna atachubuka yeye." Wote walipendezwa, msimamizi akiwemo. Akisema sasa kwamba ukuta umeharibika, nani atampa tena mdogo wake kazi?

Wanafunzi waliokuja kutembelea makumbusho walishafika, wanasukumana barazani wakikwepa mvua. Mama Funguo akatoka, akafunga chumba, akauegemea mlango.

"Fungua, mama, wageni wanalowa," alisema msimamizi.

"Ufunguo... siuoni."

"Wewe? Mama Funguo mzima? Na hicho ulichoshika ni kijiko?"

Watoto wakaangua kicheko. Mama Funguo alivitazama vichwa vile vidogo, akaviona mawazoni vimejipanga chini ya ukuta ule, na maneno yakamtoka yenyewe. "Usiwaingize. Ukuta unaanguka. Ni huo aliopiga lipu mdogo wangu."

Msimamizi akawarudisha watoto kwenye basi lao. Mdogo wake, aliyekuwa akipaka rangi milango ya nyuma, alikuja mbio, uso umemwiva.

"Umeniuza, dada! Mbele za watu!" Akamnyang'anya ufunguo, akafungua, akaingia na kuuzaba ukuta kofi. "Haya, uanguke basi!"

Mama Funguo alimrukia, akamkwida kola, akamburuta mpaka kizingitini. Lipu ikabanduka kama ganda la yai. Nyuma yake udongo ukamiminika mzito kama uji, ukakifunika kitanda cha kamba chote.

Mdogo wake aliokota konzi ya tope, akaiminya, maji yakamchuruzika vidoleni. Uso ukamsawijika.

"Saruji iliyafungia maji ndani," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Dada... chumba cha mama kule nyumbani nacho nilikipiga hivi hivi."

Mama yao alikuwa mgonjwa, hashuki kitandani. Nje mvua ilizidi kumwagika. Mama Funguo alimtupia msimamizi funguo zilizobaki na kutoka mbio, bila mwavuli, bila viatu, mdogo wake akihema nyuma yake.