Mkebe wa Penseli wa Mwalimu Lea

Siku hizi mtoto akijaza ukurasa mzima wa herufi moja, mama yake anaupokea kama cheti. Hakuna anayeuliza mtoto mwenyewe ana neno gani la kusema. Mwalimu Lea aliuliza, na ndiyo maana leo yuko nyumbani anapalilia mihogo.

Baba yake alikuja na manamba, vibarua wa mkataba, kukata mkonge, akazikwa huku huku. Lea alimaliza darasa la saba, akaanza kufundisha watoto wa kambi katika chumba cha nyuma ya kanisa. Baadaye shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Muheza, ikamwita ajitolee kuwaandaa watoto wanaoingia darasa la kwanza. Wa Kibondei, wa Kipemba, wa bara, wote walipita mikononi mwake.

Desturi yake ilikuwa moja. Penseli zilikaa ndani ya mkebe wa maziwa juu ya kabati, na mtoto asiye na neno hakupewa penseli. Asubuhi alimwaga mkekani chungwa, ndimu, kifuu na kizibo cha soda.

"Kipi si mwenzao?"

"Kizibo," atasema mmoja.

"Kwa nini?"

"Hakikuota mtini."

Mwingine atabisha. "Chungwa! Ndilo peke yake la kula ukashiba."

"Ndimu nayo inaliwa, wewe!"

"Haya, kaile kavu tukuone!"

Mwalimu Lea hakumwambia mtu amekosa. Aliyetoa sababu, hata ya kuchekesha, alipanda kigoda akachagua penseli yake. Akachora alichokisema, Mwalimu akamwandikia neno lake chini, naye akalifuatisha kwa mkono wake. Wapo waliopanda wiki ya kwanza, wapo waliokaa mpaka mvua za masika. Lakini aliyepanda, aliandika kwa kuwa ana la kuandika.

Godlisten, mtoto wa marehemu Robert fundi mitambo, alichelewa kuliko wote. Walimwita bubu. Siku moja akauliza mwenyewe: kunguru anajuaje chungwa bivu na hajalimenya? Darasa likabishana mpaka kengele ikalia. Akapanda kigoda. Neno lake la kwanza likawa KUNGURU, na Robert akaibandika karatasi ile ukutani, juu ya redio. Niliiona kila nilipokwenda kwake kusikiliza taarifa ya habari.

Huyo Godlisten ndiye mwalimu mkuu wetu leo.

Mwaka juzi ng'ambo ya barabara ilifunguliwa shule yenye basi la njano. Watoto wasiojua kufunga viatu wanavishwa joho siku ya mahafali, wanaghani Kiingereza wasichokielewa, na madaftari yao yamejaa. Wazazi wetu wakaona wivu. Wakaitisha kikao.

Jenifa, muuza chai wa stendi, akalipunga daftari la mwanawe. "Tazameni, jeupe kama sanda! Mtoto wa jirani yangu ameshajaza la pili."

"Wako anasomea vifuu, mama," mwanamume mmoja akadakia. "Atafungua kiwanda cha makumbi."

Wakacheka. Mwalimu Lea akangoja wanyamaze. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na shahidi aliyemfundisha kwa mkono wake.

"Mwalimu mkuu," akasema, "waambie wewe. Ulianza na nini?"

Godlisten akavua miwani, akaifuta. Alijua wazazi wakihamisha watoto, shule itabaki na madawati.

"Mimi nilianza na a, e, i, o, u," akasema. "Kama watu wote."

Nikasimama nikasema ni uongo, karatasi nimeiona kwa macho yangu. Kijana mmoja akanigeukia: "Mzee, shikamoo, lakini wewe hata shule hukuingia." Ni kweli, herufi nilizipata kwenye magazeti ya kufungia sukari. Ila uongo hauhitaji shule kuutambua.

Mwalimu Lea hakuwa na ajira, kwa hiyo kumwondoa hakukuhitaji hata barua. Jumatatu aliingia binti mwenye fimbo, akaandika ubaoni, watoto wakanakili. Mkebe ulirudishiwa Mwalimu Lea mtupu. Penseli zilikuwa zimegawiwa zote siku ile ile. Mjukuu wangu sasa ana madaftari matatu yaliyojaa. Nikimuuliza ameandika nini, ananijibu, "Alichoandika mwalimu."

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani, mimi na Mwalimu Lea, Godlisten akatukuta njiani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Lea akasimama, akatua kikapu chake. Akamtazama kwa upole ule ule wa mkekani.

"Kwa nini?"

Godlisten akavua miwani, akaanza kuifuta. Mwalimu alingoja, kama alivyokuwa akimngoja zamani, mpaka watu wote wakatupita. Kisha akaokota kikapu chake akaenda zake. Marahaba hakuitoa, na mpaka leo Godlisten anaidai.