Jina la Sekela Katika Kitabu cha Washirika

Siku ya kwanza ya ukarani wangu wa usharika, kule Mbebe, Mchungaji alinipa kitabu kikubwa cha jalada jeusi na kalamu mbili. "Kwa wino wa bluu unaandika wanaokuja, kwa mwekundu unakata wanaoondoka," alisema. "Usichanganye, bwana. Kitabu hiki ndicho kinachoniambia nimzike nani." Nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri. Vilitosha.

Mshirika aliyehamia kwetu alikuja na barua ya kuhama, yaani karatasi ya mchungaji wake wa zamani inayothibitisha kwamba amebatizwa na hajatengwa. Aliyetengwa hakula Meza ya Bwana mpaka atengeneze mambo yake. Aliyekwenda dhehebu jingine nilimkata, na siku ya msiba wake Mchungaji hakuvaa joho wala kengele haikupigwa.

Kutoka Mbebe nilipelekwa Mlowo, chini ya Mchungaji mpenda utani. "Karani, hapa watu wanahama makanisa kama wanavyohama vibanda vya sokoni," aliniambia. "Nunua wino mwekundu wa kutosha." Kisha nikapelekwa Tunduma. Mtaa wetu ulikuwa na makanisa manne, na Jumapili spika zao zilijibizana.

Huko tulimzika binti yetu, mdogo wake Ambokile. Miezi michache baadaye mke wangu, Sekela, alianza kusali na walokole wa jirani.

"Niandikie barua," aliniambia.

"Kanisa lile hatuliandikii."

"Basi nikate."

"Mama Ambokile, subiri kwanza."

"Wake za wenzako unakata, wako unasubiri? Kata, Baba Ambokile. Mkono umeshazoea."

Nilimkata. Jumapili tuliendelea kutoka nyumbani pamoja na kuachana kwenye kona.

Miaka kadhaa baadaye aliugua wiki mbili, akafariki. Mzee wa kanisa alikuja kunipa pole, akanivuta pembeni.

"Karani, kitabu kiko kwako. Andika kwamba alirudi kwetu akiwa mgonjwa. Mchungaji atavaa joho, kengele itapigwa. Nani atauliza?"

"Hakurudi."

"Miaka yote umetutumikia, leo mkeo azikwe na watu wa spika?"

"Alikuwa mwenzao."

Nisiwadanganye: kengele ile niliitaka. Nilikwenda ofisini, nikafungua kitabu, nikakaa nacho hadi chai niliyoletewa ikapoa. Sikuandika kitu.

Walokole walimzika. Mchungaji wetu alikuja na shati la kawaida, akashika chepe kama waombolezaji wengine. Kabla ya maombi ya mwisho, mama mmoja wa kanisa lao alisimama kutoa ushuhuda. Alisema, "Dada Sekela alipofiwa na mtoto alitujia akasema, 'Kwetu wamenipa pole, wamekwenda. Nataka watu wa kukaa nao chini, tulie pamoja.' Tukakaa naye chini."

Mimi nililisikia hilo kwa mara ya kwanza siku ile, kaburini.

Sasa nimestaafu, na makarani vijana huja kuniuliza kama ilikuwa haki kumkata mke wangu. Nawajibu kwamba kitabu kilisema kweli: alikuwa ameondoka. Nilikata watu wengi katika sharika tatu, na kila mmoja nilijua amekwenda wapi. Kwa nini, sikumuuliza hata mmoja, hata huyu niliyekula naye sahani moja. Kitabu hakikuwa na safu ya jibu hilo, nami niliona hiyo ni sababu ya kutosha.