Jicho la Kocha Ni Langu

Admin, usiweke jina langu wala la chuo. Kisumu ni ndogo, na nusu ya wachezaji wa mume wangu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu, na nauza omena, wale dagaa wa ziwani. Mume wangu ni kocha wa mpira katika chuo kimoja hapa mjini. Kazi yake kubwa ni kutafuta vijana wenye kipaji huko mashinani na kuwaleta wasome huku wakicheza. Kwa miaka saba watu wamemsifu kwamba hakuna kocha anayejua kuchagua mchezaji kama yeye. Ukweli naujua mimi, na nimechoka kuumeza. Wachezaji hao niliwachagua mimi.

Kila Alhamisi naenda Port Victoria kununua omena. Ukifika mapema unangoja ikauke juu ya nyavu, na vijana wanacheza mpira hapo hapo mchangani. Sina la kufanya, natazama. Siangalii anayefunga. Naangalia mpira ukiingia ziwani ni nani anaufuata bila kutumwa. Naangalia aliyepigwa chenga anafanya nini baadaye, analaumu mwenzake au anakimbia kurudi. Nikifika nyumbani namwambia mume wangu, Baba Akinyi, yule wa jezi ya kijani, mfuate. Anaenda, anamleta, kijana anang'aa. Kapteni wa sasa nilimwona siku ambayo timu yake ilifungwa sita.

Sikuwa na shida na hilo, mume akisifiwa nyumba yote imesifiwa. Mpaka sherehe ya michezo ya mwaka jana. Mkuu wa chuo alimwuliza mbele ya watu wote siri yake ni ipi. Nilikuwa kwenye hema la wageni na rinda jipya, na nakiri nilikuwa nangoja kutajwa, hata kidogo tu. Akasema jicho la mpira mtu huzaliwa nalo. Kisha akanionyesha kwa kidole: "Kama huyu mama watoto, miaka yote tumekaa na yeye, hajui hata ofsaidi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nilifunga mdomo. Akiniuliza nimeona nani huko Port, namwambia nimeona omena.

Basi akaenda kutafuta mwenyewe. Kutoka Awasi akaleta kipa mrefu anayefumba macho mpira ukija. Kutoka Muhoroni akaleta mshambuliaji aliyefunga mabao matano kwenye mechi ya kumuaga marehemu mzee fulani aliyependa mpira. Alirudi akiimba. Nilimwuliza jambo moja tu, hiyo mechi ilichezwa kabla ya chakula au baada. Akasema baada. Jamani, nani wa huku hajui mechi za matanga? Mabeki walikuwa wametoka kula ugali na nyama ya ng'ombe mzima, wanatembea wameshika tumbo. Hata mimi na rinda langu ningefunga mawili. Msimu huu huyo kijana hajafunga hata moja, na timu imeshika mkia.

Sasa chuo kimeunda kamati ya kupima kama kocha bado anajua kuchagua wachezaji. Jumamosi hii vijana arobaini watacheza, yeye achague watano na aeleze sababu ya kila mmoja. Akishindwa, kandarasi yake haiongezwi.

Sijawahi kumwona mume wangu akiogopa hivyo. Jumapili tukitoka kanisani akaniambia: "Mama Akinyi, kuja Jumamosi na maji ya kuuza, ukae karibu na line. Kijana akipita mbele yako na ni mzuri, toa leso kiunoni uifunge kichwa. Mimi nitaona."

Nikamwambia nitakuja, lakini aiambie kamati kwamba tunachagua wawili. Tulipofika getini akaniuliza: "Unataka wanaume wanicheke?"

"Mimi walinicheka," nikamwambia, "na nikarudi kukupikia."

Tangu hapo ananibebea magunia ya omena, kitu hajafanya tangu tuoane, lakini nikitaja kamati anakumbuka ana safari.

Nimekasirika, na sijui nikasirikie nani. Nisipoenda, atachagua wale warefu na wale wenye kelele, atafukuzwa, na watoto wangu wataumia pamoja naye. Nikienda, watasema tena ana jicho la kuzaliwa, nami nitabaki yule asiyejua ofsaidi. Naijua, kwa taarifa yenu.

Jana baadhi ya vijana hao arobaini walifika kufanya mazoezi. Nilipita kando ya uwanja, nikajiapia sitatazama. Mpira ukatoka ukaingia mtaroni. Kijana mmoja mfupi akaufuata bila kutumwa, akaufuta kwa jezi yake, akampa mwenzake apige. Nimeshamwona, nifanyeje? Baba Akinyi alikuwa amesimama hapo hapo, akimtazama yule mrefu kuliko wote.

Nyinyi mnaosoma, hasa akina mama wenye waume kama wangu, niambieni bila kunionea haya: Jumamosi hii leso niifunge kichwani, au nibaki nayo kiunoni?