Mguso Ulioogopa Kandambili

Bado naikumbuka Jumamosi moja ya mazoezi, mwanangu, katika kanisa dogo la Ng'ambo, hapa Tabora, nilipokuwa kijana wa kwaya. Nimeikumbuka zaidi tangu Jumapili iliyopita, nilipoketi karibu na spika mpya za kwaya yenu nikasikia mvumo chini ya wimbo wenu mzuri. Niligeuka kutazama ukutani. Mlikuwa mmechomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Namshukuru Mungu aliyeniachia macho hadi uzee huu. Tulia basi nikusimulie.

Siku zile tulikuwa na amplifaya moja ya chuma. Gita la Fransisi lilichomekwa humo, na maiki ya waimbaji humo humo. Plagi yake ya miguu mitatu ilivunjika, tukafunga ya miguu miwili, na kijiti tulichonga wenyewe. Ilivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini Fransisi akishika nyuzi, mvumo unatulia, nasi tulijivuna kwamba gita linamjua mwenyewe.

Tena tulikuwa na desturi yetu. Mbele ya madhabahu tulisimama bila viatu, tukimkumbuka Musa na ardhi takatifu. Aliyeimba karibu na maiki alihisi midomo ikimsisimka, na jambo hilo tuliliita mguso. "Leo umeguswa?" tuliulizana baada ya ibada, na ambaye hakuguswa alirudi nyumbani akijichunguza moyo. Usitucheke sana. Tulimpenda Mungu kweli, ila hatukuwa watu wa kuuliza.

Jumamosi hiyo akina mama walikuwa wametoka kudeki, na saruji ilikuwa bado na maji. Veronika, mwimbaji wetu mkuu, aligusa maiki akaruka nyuma.

"Jamani! Leo mguso ni mkubwa! Kesho hapa watu wataokoka wote!"

Wakati huo akaingia Bibi Anastazia, mlezi wa kwaya, akiburuza kandambili zake. Miguu ilikuwa ikimvimba, kwa hiyo yeye peke yake aliruhusiwa kupanda nazo madhabahuni. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Huo mguso mkubwa na mimi niuonje." Akashika maiki, akaimba ubeti mzima, kisha akatutazama. "Mbona mimi siguswi?"

"Labda kuna dhambi umesahau kuungama, bibi," Fransisi akasema, tukacheka.

"Zipo nyingi, baba, lakini sijazisahau." Akavua kandambili, akaigusa maiki kwa ncha ya kidole, akakiondoa upesi. Halafu akamvalisha Veronika kandambili zile. "Haya, shika wewe."

Veronika akashika. Akashika tena, akaibana kabisa. "Bibi, sihisi kitu."

"Sasa niambieni, nyinyi mliofundishwa dini. Ni Roho gani huyu anayeogopa kandambili?"

Bibi akaagiza amplifaya izimwe mpaka fundi aje. Fransisi hakukubali, maana kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno na wimbo bado haujakaa sawa. "Gita hili linanijua, bibi," akasema, akazishika nyuzi, miguu peku ndani ya maji. Mvumo ukatulia kama kawaida. Kisha na yeye akatulia. Vidole vilijikunja juu ya nyuzi, macho yakamtoka, sauti haitoki wala mkono hauachii. Nilinyoosha mikono nimvute.

"Usimguse! Zima ukutani!" Bibi akapiga kelele.

Bibi aliwahi kuona mtu amenaswa kwenye mashine ya kusaga kule Ipole, na aliyekwenda kumvuta akanaswa naye. Nilikimbia nikazima swichi. Fransisi akaanguka pamoja na gita lake. Tulimwita jina mpaka kifua kilipopanda, na Bibi akapiga magoti palepale kwenye maji, akalia.

Fransisi yu hai, Mungu ashukuriwe, ila vidole viwili havikunyooka tena, na gita hakulipiga tena. Fundi alipokuja alikuta waya umechubuka ndani ya amplifaya na kugusa chuma chake. Nyuma ya lile tundu la juu la soketi hakukuwa na waya wowote. Umeme uliovuja ulikosa njia ya kushuka ardhini, ukawa unasubiri miguu yetu. Na mvumo ulikuwa ukitulia kwa sababu Fransisi mwenyewe ndiye aliyekuwa waya wetu wa ardhi. Bibi alisikiliza yote, akasema, "Msimsingizie Mungu kazi ya waya mbovu."

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Kichomoe kijiti kile leo. Mwite fundi apime kama waya wa ardhi upo na unafika ardhini kweli, na afunge kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja. Usikate mguu wa juu wa plagi ili kunyamazisha mvumo. Mvumo unakueleza kuna kitu hakiko sawa, na pengine ni vyombo tu vimechomekwa kwenye soketi mbalimbali, basi vikusanye kwenye moja iliyopimwa. Midomo ikisisimka kwenye maiki, acha kuimba, zima, uliza. Sakafu ikiwa na maji, subiri ikauke. Viatu vaa, lakini usivifanye ndiyo dawa. Na mwenzako akinaswa, mikono yako iende kwenye swichi kwanza.

Mungu aliyemrudishia Fransisi pumzi azilinde pumzi zenu. Awape nyimbo ndefu na masikio ya kusikia kilicho chini ya wimbo. Na siku atakapowagusa, mtamjua, maana atawagusa hata mkiwa mmevaa kandambili. Amina.